Fundo la kitambaa ndani ya foronya: kisa cha dhahabu iliyobaki hotelini Kisumu

Shangazi yangu aliponipigia simu Jumapili ile ilikuwa saa nane na dakika arobaini mchana. Yeye ni mtu wa kuuliza habari za kila aliye nyumbani kabla ya kutaja haja yake, lakini siku hiyo hakutoa hata salamu. "Mwanangu, dhahabu ya mama imebaki kitandani." Alikuwa Kakamega akingoja matatu ya Mumias. Gari la dobi lilikuwa limeshaondoka na shuka za hoteli dakika arobaini zilizopita, na si yeye wala mimi tuliyejua.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu nimefanya kazi ya usafi wa vyumba hotelini miaka tisa, minne nikiwa msimamizi, na naona jinsi watu wanavyopoteza vitu mara mbili: kwanza kwa kusahau, kisha kwa namna wanavyoulizia. Jina la hoteli silitaji.

Tulikuwa na nikaha ya binti wa ndugu yetu. Nyumba yangu ilijaa wageni hadi sebuleni, naye shangazi ana goti bovu, hivyo tukamchukulia chumba katika hoteli ya wastani huko Milimani kwa Ijumaa na Jumamosi. Harusini alivaa bangili mbili, pete, na jozi ya herini ndogo, vyote vya marehemu mamake. Pete hiyo ina hadithi yake. Kwetu inasemekana dhahabu yake ilitoka Rosterman, ule mgodi wa Kakamega uliofungwa mwaka 1952, na kama ni kweli au si kweli, shangazi anaiamini kama anavyoamini jina lake. Usiku wa Jumamosi alivua kila kitu, akakifunga ndani ya kitambaa cheupe cha mkononi, akapiga fundo, akakitia kwenye mto. Ndivyo anavyolala ugenini tangu ujana wake.

Kabatini mle kulikuwa na sefu. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakuitumia, akaniambia hakuielewa, na aliona haya kumwita mtu wa mapokezi usiku amfundishe. Simlaumu. Sefu za vyumbani zina namba anayoiweka mgeni, lakini pia zina namba kuu au ufunguo wa dharura ulio kwa uongozi, maana wageni husahau namba na betri huisha. Kazi yake kubwa ni kumzuia anayepita. Na sefu nayo husahauliwa. Nimezifungua nyingi mimi mwenyewe, meneja akiwa pembeni, tukakuta pasipoti na bahasha za pesa za watu waliokwisha kufika mbali.

Aliondoka chumbani saa nne kasoro robo, akapitia kwa wenye harusi kuwaaga, kisha akapanda matatu. Walipofika Chavakali, saa saba na robo, alitia mkono kwenye mkoba kutafuta dawa za goti, akakosa fundo. Akampigia mwanawe aliye Nairobi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Binamu yangu anampenda mamake, na mapenzi hayo yakatoka kama moto. Alipata namba ya mapokezi, akapiga, na neno lake la kwanza likawa "mmemwibia mama yangu". Akataja polisi, akataja mitandao, akataka jina la aliyefanya usafi. Binti wa mapokezi alifungua daftari la vitu vilivyosahaulika, hakukuta kitu cha chumba hicho, akasema, "Hakuna kilichopatikana." Wakarushiana maneno karibu robo saa. Wakati wanagombana, foronya yenye dhahabu ilikuwa ghorofa ya chini ya hoteli hiyohiyo, ndani ya gunia la shuka chafu, ikingoja gari la saa nane.

Hilo jibu la "hakuna kilichopatikana" linahitaji kueleweka vizuri, kwa kuwa watu wengi hukata tamaa papo hapo au huanza kutukana. Maana yake ni moja tu: hakuna aliyeleta kitu na kukiandikisha. Halisemi kwamba chumba kimepekuliwa. Aliye mapokezi hajafika chumbani, na pengine hajazungumza na watu wa usafi tangu asubuhi. Vitu vingi vinavyookotwa huandikishwa mwisho wa zamu, mhudumu anaposhusha toroli lake. Mgeni akipiga saa sita mchana anaambiwa hakuna, akipiga saa kumi na moja kitu kipo.

Jambo jingine ambalo wageni hawalijui: hoteli nyingi hazikupigii simu kukuambia umesahau kitu, hata wakiwa nacho mkononi. Wengine huona ni uzembe. Sababu yake ni siri ya mgeni. Namba iliyo kwenye kitabu huenda ikapokelewa na mume, mke, au bosi ambaye hakupaswa kujua kwamba mtu huyo alilala hapo. Kwa hiyo tulifundishwa kukitunza na kungoja mwenyewe aulize. Usipouliza, kitu kinakaa stoo mpaka muda wa hoteli uishe, na mara nyingi ni miezi mitatu.

Nilipomaliza kuongea na shangazi kwa mara ya kwanza sikupiga simu hotelini. Nilimwambia aketi mahali, anywe maji, kisha anisimulie usiku wake tangu aliporudi kutoka harusini. Ukimuuliza mtu "uliweka wapi" anakujibu kile anachoamini, naye alishaniambia "chini ya mto". Ukimwacha asimulie, mikono yake inakumbuka. Alisema alizima taa, akasikia fundo linamchoma shavu, akalisukuma. Alilisukuma wapi? Akanyamaza kidogo. "Nililiingiza ndani ya foronya, kule nyuma, lisinisumbue."

Kwangu hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko zote. Kitu kilicho chini ya mto mhudumu hukiona anapouinua. Kilicho ndani ya foronya, tena kimefungwa kwa kitambaa cheupe katika shuka nyeupe, kinaondoka na foronya.

Nieleze jinsi chumba cha mgeni aliyeondoka kinavyovuliwa. Mhudumu huwa na vyumba kumi na viwili, kumi na vinne, siku mbaya hata zaidi, na wageni wapya wanaanza kuingia mchana. Anafungua madirisha, anakusanya taulo, kisha anakwenda kitandani. Mto anaushika kwa pembe mbili za chini, anautikisa, unatoka kwenye foronya kama mtoto anavyovuliwa shati. Foronya moja anaigeuza kuwa mfuko: anasokotea humo foronya nyingine na taulo za uso. Shuka anazivuta kutoka pembe nne kuelekea katikati, anazikunja pamoja zikawa bonge, na bonge hilo linaingia kwenye gunia la toroli. Tulifundishwa kupapasa foronya na kukung'uta shuka moja moja kabla ya kuzikunja. Kwa vyumba kumi na vinne, nani anakung'uta? Mimi niliyekuwa nikiwafundisha wengine nilikuwa naruka hatua hiyo siku za wikendi. Ndivyo miwani, simu nyembamba, hereni na hata meno ya bandia yanavyofika kwa dobi bila mkono wowote mwovu kuyagusa.

Saa tisa nilipiga hoteli. Nilimwomba binti wa mapokezi aniunganishe na msimamizi wa usafi wa vyumba, na kabla ya hapo nikamwomba radhi kwa maneno aliyoyasikia kwenye simu ya kwanza. Alipumua kwa nguvu, nikamsikia, kisha akaniunganisha. Kwa msimamizi sikuanza na dhahabu. "Dada, shikamoo ya kazi. Chumba cha mama aliyeondoka saa nne kasoro robo, mgeni mwingine ameshaingia? Shuka zake za leo ziko wapi sasa hivi? Na mito ile ile bado iko kitandani?" Maswali hayo ni ya mtu wa kazi, naye akayajibu kama mtu wa kazi. Chumba hakijauzwa. Mito ipo. Shuka zimeondoka saa nane na gari la dobi, kwenda mtaa wa Kondele.

Kama simu ya saa saba na nusu ingeuliza hilo swali la pili badala ya kutaja wezi, mtu angeshuka ghorofa moja na kulifungua gunia.

Nilimpa maelezo ya kutosha kutafutia: bangili mbili, pete, herini, kitambaa cheupe chenye pindo la buluu. Jambo moja nililibakiza. Ndani ya pete ile kuna alama ya kiungo, mahali ambapo sonara aliikata na kuiunga upya mama mtu alipokonda kwa ugonjwa. Hilo halijui mtu asiyeishika. Ukitaja kila kitu kwenye simu, huna tena cha kuthibitisha umiliki, na hoteli nayo haina njia ya kukutofautisha na mtu aliyesikia habari kwa jirani. Shangazi aliona kama namficha mwenzetu jambo. Nilimweleza kwamba msimamizi mwenyewe angependelea hivyo, na ni kweli, akaniambia baadaye.

Kisha nikaenda hotelini kwa miguu yangu, nikiwa na risiti ya chumba na ujumbe wa M-Pesa wa malipo, wenye tarehe na saa.

Nyuma, karibu na stoo ya sabuni, kulikuwa na msichana ameketi juu ya kreti ya soda iliyogeuzwa. Bado alikuwa na sare, aproni imekunjwa vizuri magotini, na juu ya aproni kadi yake ya kazi. Mikono yake ilinuka dawa ya choo. Ndiye aliyefanya usafi wa chumba cha shangazi. Baada ya simu ya binamu, meneja wa zamu alimwita ofisini, akamvua zamu, akamwambia arudi nyumbani mpaka aitwe, na kwamba kitu kisipopatikana thamani yake itakatwa kwenye mshahara wake kidogo kidogo. Hakuwa amekwenda nyumbani. Aliniambia akiondoka wakati ule watasema amekwenda kuficha.

Sikujua nimwambie nini. Nilimwuliza tu kama alizikung'uta foronya. Aliniangalia akijua kwamba jibu la kweli linamuumiza, akasema, "Hapana, madam. Nilikuwa na vyumba kumi na tano." Ukweli huo ulitusaidia kuliko chochote kilichosemwa siku ile. Ulituambia njia ya kitambaa.

Kwa meneja nilizungumza kwa adabu lakini sikuficha. Wizi ni wizi, na sheria inaujua vizuri. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu kinasema aliyeokota kitu kilichopotea hahesabiwi kuwa ameiba ikiwa hamjui mwenyewe na ana sababu za haki kuamini kwamba hawezi kupatikana. Aliyeokota kitu chumbani mwa hoteli hana kinga hiyo, kwani jina la mgeni liko kitabuni. Mfanyakazi anayekiweka mfukoni kitu kilichomfikia kwa ajili ya kazi ya mwajiri wake anaweza kufungwa hadi miaka 7 chini ya kifungu cha 281. Na lile tangazo la ukutani, "menejimenti haitawajibika kwa vitu vyako", halifuti kosa la jinai la mtu yeyote.

Lakini sheria ina upande wa pili, na huo meneja hakuufikiria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyopotea ikiwa mikononi mwa mwajiri huyo pale tu hasara inapotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Kushika zamu siku ambayo kitu kimepotea si kosa la makusudi. Na kifungu cha 41 kinataka mfanyakazi aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa na asikilizwe, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama, kabla ya kuachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu. Wafanyakazi wa hoteli wana chama, KUDHEIHA. Msichana yule hakuwa ameandikishwa chamani; alikuwa kibarua. Wengi wa wanaotandika vitanda vya wageni Kisumu ni kama yeye, na ndio wanaotafutwa kwanza kitu kinapopotea.

Kamera ya korido ilikuwepo. Meneja alikataa kunionyesha picha zake, na alikuwa na haki: zinaonyesha wageni wengine, nao wanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Nilichoomba ni zihifadhiwe, na niliomba kwa maandishi, kwa sababu mashine hizo hufuta za zamani diski inapojaa. Polisi wakihitaji, watazikuta. Jioni hiyo nilipita kituoni nikaandikisha taarifa kwenye OB, daftari la matukio la polisi, kama mali iliyopotea, si iliyoibwa. Afisa aliniuliza mara mbili kama nina hakika na neno hilo. Nilikuwa na hakika.

Magharibi ilinikuta Kondele. Dobi ni mzee mwenye mashine tatu kubwa na uga wa kamba, anafulia hoteli kadhaa na hospitali moja. Msimamizi wa hoteli alikuwa ameshampigia, na hiyo ndiyo iliyotuokoa. Nilipofika alinionyesha bonge letu likiwa pembeni, limefungwa kwa kamba, halijaguswa. "Ya hospitali ndiyo huanza," akasema. "Zenu zilikuwa za alfajiri." Nilitaka kulifungua papo hapo. Alikataa, nami nikafurahi kwamba amekataa. Alisema litafunguliwa mbele ya mtu wa hoteli, kwa hesabu, foronya kwa foronya, asije akaambiwa kesho kwamba shuka zimepungua au kwamba kulikuwa na zaidi ya kilichoonekana. Huyo ni mtu anayeijua kazi yake.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa watatu juu ya turubai: mzee, msimamizi na mimi. Bonge la Jumapili lilikuwa na foronya arobaini na tatu. Msimamizi alizishika moja moja, akaingiza mkono hadi pembeni, akazigeuza. Ya ishirini na sita ilikuwa nzito upande mmoja. Alipoigeuza, kitambaa kilitoka kikiwa kimelegea fundo. Bangili zikaanguka juu ya turubai kwa mlio ule wa dhahabu, ambao si wa bati. Kisha pete. Kisha herini moja.

Tulikung'uta zilizobaki zote, na shuka, na taulo. Herini ya pili haikuwepo.

Msimamizi aliniuliza, kabla hajanipa pete, kama kuna kitu naweza kumwambia kuihusu. Nikamweleza habari za kiungo. Akaisogeza kwenye mwanga, akaigeuza mpaka akauona mstari mwembamba, akaniwekea mkononi. Tuliandika karatasi mbili, kila kitu kwa jina lake, pamoja na herini iliyopungua, tukatia sahihi wote watatu. Dhahabu sikuituma kwa basi wala kwa mtu. Jumanne nilipanda matatu nikaipeleka mwenyewe Mumias, imefungwa ndani ya soksi, na shangazi alipoipokea alilia kwa sababu ya herini moja kuliko alivyofurahia vingine. Naelewa. Jozi ni jozi.

Herini ilipatikana Alhamisi, na aliyeipata ni yule msichana. Alikuwa ameitwa kurudi kazini asubuhi hiyo. Kabla ya kupakia toroli aliliteremsha gunia lake la turubai, akaligeuza ndani nje, na kwenye kona ya chini, pale mshono unapokunjwa mara mbili, akahisi kichwa cha pini. Magunia yale hayafuliwi ila mara chache, na uchafu wa pamba hujikusanya pale kama tope. Aliichomoa kwa kucha. Aliipeleka kwa msimamizi ikiwa bado na nyuzi, hakuisafisha, ili waone ilikotoka.

Binamu yangu alipopata habari alinyamaza kwenye simu muda mrefu. Alimtumia binti wa mapokezi ujumbe wa kuomba radhi, na Ijumaa akapiga tena, akaomba kuzungumza na msichana wa usafi. Walichoambiana sikijui. Shangazi naye alituma elfu mbili na leso mpya, akanisisitiza nimpe mkononi, nisimwachie mtu.

Kilichobaki ni siku tatu. Jumatatu, Jumanne na Jumatano msichana yule alikuwa nyumbani kwa amri ya meneja, na mwisho wa mwezi malipo yake yalikuja bila siku hizo. Hakukuwa na barua ya kumsimamisha, hakukuwa na kikao, na kitu chenyewe kimeonekana hakikuibwa na mtu. Nilimsaidia kuandika barua, ukurasa mmoja, tukaambatisha nakala ya ile karatasi yenye sahihi tatu na namba ya OB iliyoandikwa "imepotea". Aliipeleka mwenyewe, akapigiwa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake. Muhuri huo una wiki mbili sasa. Jumatatu ijayo tunarudi kuulizia jibu.